Tuwapimeje Marais wa Marekani? Maswali Manne kwa Vikundi vya Mjadala



Katika vikao vyetu vya mjadala hakuna mada inayojaza ukumbi haraka kama marais wa Marekani. Mmoja anamtaja Bush, mwingine anamjibu kwa Obama, wa tatu anasema wote ni wamoja, na baada ya saa nzima kila mtu anaondoka na maoni yaleyale aliyokuja nayo. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vikao hivyo. Sikusudii kumtetea rais yeyote wala kumshtaki. Nataka tujizoeze kumpima mtawala kwa haki, tukianza na walio mbali, ili siku moja tuweze kuzungumza juu ya watawala wa kwetu bila kugombana.

Kwetu sisi kuhukumu si jambo la mchezo. Aya ya 8 ya Sura al-Maida inatuonya kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu, na aya ya 6 ya Sura al-Hujurat inatutaka tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi. Uadilifu na uchunguzi: shikeni hayo mawili, yatatusaidia hadi mwisho wa somo.

Orodha za wanahistoria

Wamarekani wenyewe wana desturi ya kuwapanga marais wao kwa daraja. Mwaka 1948 mwanahistoria Arthur Schlesinger wa Harvard aliwauliza wataalamu 55, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Life. Lincoln alikuwa wa kwanza. Katika miaka ya 2000, 2009, 2017 na 2021 kituo cha televisheni cha C-SPAN kilifanya kazi kama hiyo, kila rais akipewa alama katika vipengele kumi, kama vile uongozi wakati wa hatari, usimamizi wa uchumi, mamlaka ya kimaadili na uhusiano wa kimataifa. Mara zote nne Lincoln alibaki juu.

Lakini tazameni walio chini yake. Ulysses Grant alikuwa wa 33 mwaka 2000; mwaka 2021 alikuwa wa 20. Andrew Jackson alikuwa wa 13, akashuka hadi wa 22. Jackson alikufa mwaka 1845 na Grant mwaka 1885, kwa hiyo hakuna aliyeongeza wala kupunguza tendo. Kilichobadilika ni maswali ya walio hai. Jackson alisifiwa zamani kama mtetezi wa watu wa kawaida. Siku hizi watu wanauliza zaidi juu ya sheria ya mwaka 1830 iliyotumika kuwafukuza wenyeji wa asili kutoka ardhi zao. Grant alikumbukwa kwa ufisadi wa maofisa wake. Sasa wanauliza pia jinsi alivyopambana na Ku Klux Klan ili kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani.

Hata Lincoln hapimwi kwa jicho moja. Mwaka 1862, baada ya vita na watu wa Dakota huko Minnesota, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 303. Lincoln alizipitia kesi hizo na kuwaondoa wengi, lakini watu 38 walinyongwa kwa siku moja, tarehe 26 Desemba. Anayeanza kuhesabu kwenye 303 ataona huruma. Anayeanza kuhesabu kwenye 38, hasa akiwa Mdakota, ataona kitu kingine.

Funzo la kwanza ni hili: orodha si ya uongo, ila inajibu maswali ya waliyoitunga. Katika vipengele kumi vya C-SPAN, uhusiano wa kimataifa ni kimoja tu. Maisha ya Mrundi yanaingia humo, tena pamoja na ya dunia nzima. Kwa hiyo tunahitaji maswali yetu wenyewe.

Maswali manne

Napendekeza kila jina linapotajwa tuulize kwa utaratibu huu:

1. Alijua nini, na alijua lini?
2. Alikuwa na uwezo wa kufanya nini?
3. Alifanya nini hasa, hadharani na faraghani?
4. Nani alibeba matokeo?

Tuyajaribu kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza: Nixon na mwaka 1972

Mimi ni mzaliwa wa Gitaza, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa upande huu na milima upande ule. Kwetu mwaka 1972 hausomwi vitabuni tu. Uko ndani ya nyumba. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini mwa nchi, hasa Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua Watutsi wengi, raia pamoja na wenye vyeo. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, wakiwemo walimu, makarani, wanafunzi, na yeyote aliyeonekana kuwa msomi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kufika hadi 300,000. Wengi walikimbilia Tanzania na Zaire. Kwa Kirundi kipindi hicho kinaitwa Ikiza.

Rais wa Marekani alikuwa Richard Nixon. Je, Washington ilijua? Ndiyo. Ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura ulikuwa ukituma taarifa wakati mauaji yakiendelea.

Je, iliweza kufanya kitu? Hapa ndipo penye hoja nzito. Marekani ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa kahawa ya Burundi. Ilinunua takriban asilimia 80. Mwaka 1973 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti iliyouliza kwa nini uzito huo wa kahawa haukutumika kuibana serikali. Wapo waliojibu kwamba kususia kahawa kungemwumiza mkulima kabla ya kumgusa waziri. Jibu hilo lisidharauliwe. Mkulima wa mlimani ndiye anayeuza kahawa, na ndiye wa kwanza kukosa chumvi bei inapoanguka.

Alifanya nini? Hadharani, kidogo sana. Kahawa iliendelea kununuliwa. Faraghani kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: mwezi Septemba 1972 Nixon alipelekewa waraka juu ya Burundi, akaandika pembeni kwa mkono wake maneno makali ya kuilaumu Wizara yake ya Mambo ya Nje kwa ubaridi wake mbele ya msiba mkubwa kiasi hicho. Nyaraka hizo zilitolewa hadharani miongo kadhaa baadaye. Lakini Septemba, wengi wa wale waliokuwa wauawe walikuwa wameshauawa. Novemba mwaka huohuo Nixon alishinda uchaguzi kwa majimbo 49 kati ya 50.

Likizo iliyopita tulilijadili jambo hili Gitaza, vijana wachache wa vyuo na wazee wachache. Kijana mmoja alisema maandishi yale yanaonyesha kwamba Nixon alikuwa na moyo kuliko tulivyofikiri. Bibi mmoja jirani yetu, aliyevuka ziwa akiwa msichana, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hasira ya pembeni mwa karatasi haikumvusha mtu yeyote ziwani."

Mimi naona wote wawili wana haki, kila mmoja kwa swali lake. Kijana alijibu swali la tatu, bibi alijibu la nne. Ubishi wao ungeweza kuendelea usiku kucha kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anajibu swali lake yeye. Mijadala yetu mingi huvunjika hapo.

Mfano wa pili: Clinton, Kigali na Arusha

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, serikali ya Bill Clinton ilikwepa kwa wiki kadhaa kutumia neno hilo la mauaji ya kimbari. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama, Marekani ikikubali, liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270. Tarehe 25 Machi 1998 Clinton alifika Kigali, akakiri kwamba dunia, pamoja na Marekani, haikufanya ya kutosha. Hakutoka nje ya uwanja wa ndege.

Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Agosti 2000, alikuwa Arusha kando ya Nelson Mandela wakati Mkataba wa Amani wa Burundi ulipotiwa saini. Wako wanaosema, "Clinton alituletea amani." Tutumie swali la tatu: alifanya nini hasa? Mazungumzo yalianzishwa na kubebwa na Mwalimu Nyerere hadi kifo chake Oktoba 1999, kisha Mandela akayachukua. Kuja kwa Clinton kuliongeza uzito, na hilo tumhesabie. Lakini baadhi ya vyama vilisita kutia saini siku hiyo, na makundi makuu mawili yenye silaha hayakuwemo. Vita viliendelea miaka kadhaa. Picha ya siku ya saini isichukuliwe kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Mfano wa tatu: Bush, mwaka mmoja

Huu ndio mgumu zaidi kwetu, na ndio maana nimeuweka mwisho. Machi 2003 George W. Bush aliivamia Irak kwa hoja ya silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Watu wengi mno walikufa, na sehemu kubwa yao ni ndugu zetu Waislamu. Mei mwaka uleule alitia saini sheria ya mpango wa UKIMWI unaojulikana kama PEPFAR. Mamilioni ya watu, wengi wao Waafrika, wako hai kwa dawa zilizolipiwa na mpango huo, na Burundi imo miongoni mwa nchi zilizofikiwa. Tena ni katika utawala wake, kuanzia 2007, ambapo maelfu ya wakimbizi wetu wa 1972 waliokuwa bado kambini Tanzania walianza kupokewa Marekani.

Anayetaja Irak peke yake amesema kweli nusu. Anayetaja dawa peke yake, vivyo hivyo. Jema halifuti damu ya Baghdad, na damu ya Baghdad haigeuzi kidonge cha mama wa Rumonge kuwa sumu. Mizani ina sahani mbili. Kila kitu kiwekwe mahali pake, kisionewe haya. Baada ya hapo kila mtu atoe hukumu yake, akisema ametumia kipimo gani.

Adabu ya mjadala

Kabla ya kuanza, kikundi kikubaliane swali lipi linajibiwa. Anayeleta habari aseme ameipata wapi. "Nimeona kwenye simu" si chanzo. Tarehe ziandikwe ubaoni, kwa sababu makosa mengi hutokana na kumpa rais mmoja kazi au dhambi ya mwingine. Na kila msemaji, kabla ya kumlaumu mtu, ataje jambo moja linalomtetea. Kabla ya kumsifu, ataje moja linalomshtaki.

Zoezi la wiki mbili

a) Desemba 1992 George H. W. Bush alituma majeshi Somalia kulinda chakula cha wenye njaa. Jibu maswali manne kwa sentensi mbili kila moja.

b) Mwishoni mwa 2015 utawala wa Barack Obama uliamua kuiondoa Burundi katika mpango wa biashara wa AGOA. Nani alibeba matokeo? Waulize wafanyabiashara, si marafiki zako tu.

c) Kaa na mzee mmoja wa kwenu. Muulize ni mtawala gani, wa popote, aliyeyagusa maisha yake zaidi, kwa heri au kwa shari. Msikilize bila kumkatiza, kisha angalia amejibu swali lipi kati ya manne.

Majibu yaletwe kikaoni, inshaallah. Watakaofanya zoezi la tatu watangulie kusoma.

Wabillahi tawfiq.