Feni ya rejeta haizimi? Pima kwanza kabla ya kumlipa fundi

Umerudi Farsta jioni, umeegesha gari, umetoa ufunguo, na feni ya mbele bado inavuma. Kama gari ndilo linalobeba vifaa vyako vya saiti, au linakufikisha kwenye usafi wa alfajiri, usilipuuze. Betri ikiisha usiku kesho huendi kazini, na pesa ya kutuma nyumbani inapungua.

Kuvuma dakika chache baada ya kuzima si ugonjwa, injini bado ina joto. Gari la dizeli lenye chujio la masizi huvuma zaidi ukilizima katikati ya kuchoma masizi. Huwapata sana wenye safari fupi fupi, Farsta hadi Högdalen na kurudi. Shida ni feni isiyozima kabisa, au inayoanza injini ikiwa baridi.

Ndiyo maana kipimo kizuri ni cha asubuhi, na ni cha bure. Gari limelala nje usiku kucha. Zima AC, zima na kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, maana katika magari mengi kitufe hicho huwasha AC kimyakimya, na AC huita feni. Sasa washa gari. Feni ikianza hapo hapo, tatizo si joto, ni umeme. Fundi akitaka kukubadilishia rejeta kwa dalili hiyo tu, muulize sababu.

Kwenye umeme anza na rilei. Mchoro wake mara nyingi uko chini ya mfuniko wa boksi la fyuzi. Gari likiwa limezimwa na feni inazunguka, chomoa rilei ya feni, kisha weka nyingine yenye namba ileile, kwa mfano ya honi kama zinafanana. Feni ikitulia, rilei ya zamani imeganda. Rilei ya kawaida ni kitu cha bei ndogo, unabadilisha mwenyewe. Magari mengine mapya hayana rilei hii, yana kidhibiti kwenye feni yenyewe, na hapo gharama inapanda.

Rilei ikiwa nzima, geukia sensa ya joto. Kompyuta ya gari ikikosa taarifa za joto, huwasha feni ili kuokoa injini. Na barabara za huku humwagiwa chumvi msimu wote wa baridi, kwa hiyo plagi ya sensa huliwa. Injini ikiwa baridi, ichomoe uangalie: ukiona ukijani, safisha kabla ya kununua sensa mpya. Cheki pia kulanti isiwe imepungua, lakini usifungue kifuniko injini ikiwa moto, itakuunguza. Na vidole viwe mbali, feni hujiwasha yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Usiku huo unaweza kuacha rilei nje ili betri isiishe. Ila bandika karatasi kwenye usukani! Ukisahau kuirudisha na kukwama kwenye foleni ya Nynäsvägen, utaunguza gasketi ya silinda hedi, na hiyo bili si ya mchezo.

Ukishindwa, nenda gereji, lakini omba makadirio ya bei kwa maandishi. Sheria ya Sweden, konsumenttjänstlagen, inasema fundi akikupa bei ya makadirio, bili isizidi kwa zaidi ya asilimia 15, isipokuwa mmekubaliana vingine au umeongeza kazi. Amesema krona 2,000, basi mwisho ni 2,300. Mkigombana, malalamiko hupelekwa ARN. Hii ni kwa gari lako binafsi, si la kampuni. Yule fundi wa uani asiyetoa risiti ni rahisi, kweli, ila huna cha kuonyesha kazi ikiharibika.

Ukifika mapokezi sema hivi: "Fläkten går hela tiden, även när motorn är kall." Yaani feni inazunguka muda wote, hata injini ikiwa baridi. Waambie pia rilei umeshaijaribu, wasikutoze kwa kuipima tena.