Asili ya Ubuddha: Je, Mtu Mwovu Naye Anayo?

Mtu akiulizwa, "Wewe ni nani?" hutaja jina lake, baba yake, na kwao. Buddha, aliyefundisha kaskazini ya Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, hakuridhika na jibu la namna hiyo. Alisema kwamba tukimchambua mtu twaona mambo matano tu: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya moyo, na fahamu. Yote hubadilika kila dakika, na ndani yake hamna nafsi ya kudumu. Kwa sisi tuliolelewa katika Ukristo au Uislamu neno hili ni gumu kumeza, wala sitaki kulitetea hapa. Nataka tu, wanafunzi wenzangu, tulielewe, maana lilizaa swali ambalo wafuasi wake wenyewe walishindania kwa mamia ya miaka.

Tuanze na fahamu. Katika mafundisho ya kale fahamu ni sita: ya jicho, ya sikio, ya pua, ya ulimi, ya mwili, na ya akili. Jicho likikutana na umbo, fahamu ya jicho huzuka, vikiachana, huzimika. Sasa fikiri. Mtu aliyelala fofofo, asiyeota hata ndoto, fahamu zake ziko wapi? Na tendo alilolitenda ujanani linakaa wapi hata limletee matunda uzeeni, ikiwa hakuna nafsi ya kulibeba?

Asanga na Vasubandhu, wataalamu wa Bara Hindi ambao mapokeo yasema walikuwa ndugu, walijibu hivi yapata karne ya 4 au ya 5. Chini ya zile fahamu sita iko ya saba, ambayo kazi yake ni kung'ang'ania "mimi, mimi". Chini yake iko ya nane, iitwayo alaya, yaani ghala. Kila tendo hutia mbegu ghalani. Mbegu hungoja wakati wake, huota, na mmea wake hutia mbegu nyingine. Lakini ghala hili si chumba kilichosimama. Walilifananisha na mto uendao kasi: jina ni moja, maji si yale yale.

Basi mbegu hizo zote ni chafu? Vitabu vingine vya Mahayana vilisema kwamba kila kiumbe kina ndani yake asili ya Buddha, ila imefunikwa na tamaa, chuki na ujinga. Mifano yao yaeleweka hata na mtoto: asali iliyozungukwa na nyuki, punje ndani ya kapi, dhahabu iliyoanguka jaani, hazina chini ya nyumba ya maskini asiyejua habari zake. Mimi hupenda huo wa mwisho. Maskini haongezewi kitu, aambiwa achimbe.

Mwaka 418 huko Uchina kilitafsiriwa kitabu cha Nirvana ambacho mtawa Faxian alikileta kutoka Bara Hindi. Kilisema viumbe wote wana asili hiyo, isipokuwa ichantika, yaani watu waliokata mizizi yote ya wema. Mtawa mmoja, Daosheng, akasema haiwezekani: hao nao ni viumbe wenye uhai, basi nao wanayo. Wenzake walighadhibika, kwa kuwa kitabu hakikusema hivyo, na yapata mwaka 428 wakamfukuza katika mji mkuu, ambao leo ni Nanjing. Wasidhaniwe kuwa wapumbavu. Walilinda kitabu walichokuwa nacho, na mtu akiruhusiwa kupita maandishi kwa akili yake, nani atamzuia wa pili?

Kumbe kaskazini-magharibi Dharmakshema alikuwa amekwisha kutoa tafsiri ndefu zaidi mwaka 421. Ilipofika kusini yapata mwaka 430, waliona sura za mbele zasema wazi kwamba hata ichantika wana asili ya Buddha. Daosheng alikuwa amesema kweli juu ya kurasa ambazo hakupata kuziona. Alifariki mwaka 434. Yasimuliwa kwamba alikuwa kitini akifundisha.

Ugomvi haukwisha. Xuanzang, aliyefunga safari ya Bara Hindi mwaka 629 akarudi 645, alileta mafundisho ya ghala kwa ukamilifu, na shule yake ilishika kwamba wako viumbe wasio na mbegu ya Ubuddha kabisa. Mbegu isipokuwamo ghalani, kitaota nini? Wengine waliuliza kama asili hii si nafsi ile ile iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Kitabu cha Lankavatara chaleta swali hilo hilo, na jibu lake ni kwamba neno hili lilisemwa ili kuwavuta wanaoogopa kuambiwa kwamba hakuna nafsi.

Huko Japani, Dogen (1200–1253) alisumbuka tangu ujana: ikiwa wote wanayo, mbona Mabuddha walijitaabisha? Mwaka 1223 alivuka bahari kwenda Uchina, akarudi 1227. Jibu lake ni kwamba tusiseme viumbe wana asili hiyo, bali viumbe wote ndio asili hiyo. Kuketi na kutafakari si kibarua cha kungojea mshahara mwisho wa mwezi. Yeye anayeketi leo kwa mara ya kwanza, asiyejua bado hata kukunja miguu, anaionyesha yote.