Wingu la Mweru: dhoruba inavyotokea na hukumu ya anayeingia ziwani



Ndugu zangu, katika darasa letu la baada ya Adhuhuri liliulizwa swali, na adhana ya Alasiri ikatukuta hatujalimaliza: mvuvi aliyezama usiku wa dhoruba, ilhali aliliona wingu kabla hajaondoka ufukweni, je, naye ni shahidi? Niliahidi kuliandikia. Nilipoanza kupekua vitabu nikaona fiqhi peke yake haitoshi. Huwezi kumhukumu mtu kwa wingu bila kujua wingu hilo linatoka wapi na lilimpa ishara gani.

Mfano wangu ni Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, mkoa wa Luapula, Zambia. Nina ndugu wa upande wa mama pale Kashikishi na nimekaa kwao likizo mbili. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 5,100, sehemu Zambia na sehemu Kongo. Mto Luapula unaingia kwa kusini, na maji yanatoka kaskazini kwa Mto Luvua, karibu na Pweto. Ukisimama Nchelenge unatazama magharibi, kisiwa cha Kilwa kikiwa mbele yako (Kilwa hii ni ya Zambia, msiichanganye na ya Lindi), na dhoruba nyingi nilizoziona zilitokea huko huko kwenye machweo.

Msimu wa mvua huanza Novemba hadi Aprili. Wakati huo upepo wenye unyevu kutoka bonde la Kongo hukutana na upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi. Hewa mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo kazi inapoanza. Hewa ikipanda hupoa, mvuke wake hugeuka matone, na mvuke unapogeuka matone hutoa joto lililokuwa limefichika ndani yake. Joto hilo huipasha hewa inayopanda, nayo huzidi kupanda. Kwa hiyo wingu linajilisha lenyewe. Ndani ya saa moja hivi linaweza kusimama kilomita kumi na zaidi, kilele chake kikiwa barafu tupu na kimetandazwa kama fuawe la mhunzi.

Huko juu, vipande vya barafu na mvua ya mawe hugongana na kuachiana chaji za umeme. Chaji zikilimbikizana mno, radi hupiga: joto la njia yake hufika nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua. Hewa inayotanuka ghafla kwa joto hilo ndiyo ngurumo tunayoisikia.

Msomaji wa Suratun-Nuur ataikumbuka aya ya 43, inayotaja mawingu kusukumwa, kuunganishwa, kurundikwa, kisha mvua kutoka katikati yake, na mvua ya mawe, na mmeme unaokaribia kuondoa macho. Mimi si katika wanaopenda kuifanya kila aya kuwa kitabu cha fizikia. Aya inatuita tumtambue Mwenye kuyafanya hayo. Ila mpangilio wake unasomeka vizuri zaidi ukiwa umewahi kulitazama wingu likikua juu ya Mweru kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja.

Sasa, jambo linaloua watu wengi si mvua. Ni upepo unaoitangulia. Mvua nzito na barafu inayoyeyuka huipoza hewa, na hewa baridi ni nzito, hivyo huporomoka kutoka wingu, hupiga maji, na kusambaa pande zote. Mvuvi aliye mbali na wingu, chini ya nyota, anaweza kupigwa na upepo huo kabla tone moja halijamwangukia. Na Mweru ni ziwa la kina kifupi, hasa kusini. Kwenye maji ya namna hiyo mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana haraka. Mtumbwi haujainuka kutoka wimbi la kwanza, la pili limeshaingia ndani.

Tena kuna suala la usiku. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani na mawingu hujengeka juu ya nchi. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na joto, pepo za nchi kavu kutoka kingo mbili hukutana juu ya maji. Jambo hili limechunguzwa sana Ziwa Victoria, ambako dhoruba nyingi hutokea usiku wa manane hadi alfajiri, na kanuni yake haibagui ziwa. Na usiku ndio wakati wa chisense, dagaa wa Mweru, wanaovutwa kwa taa. Mvuvi yupo katikati ya ziwa saa ileile ambayo wingu linapenda kuwa hapo.

Madhara ya nchi kavu nayo si haba. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne, ndiyo maana bati lililovumilia miaka mitatu huondoka kwa dakika tatu. Mwakata, wilayani Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba za udongo na kuua watu wapatao 40 usiku mmoja. Uganda, Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja ya Kiryandongo. Pale Kashikishi hasara ya kila wiki ni ndogo na haiandikwi popote: dagaa walioanikwa wakilowa siku mbili wanaoza, na mama aliyewanunua kwa mkopo anabaki na deni.

Lipo pia dhara ambalo wingu halihusiki nalo. Radi ikiua mtu, watu huuliza nani ameituma, na kidole huelekea kwa mzee au mjane fulani. Mambo haya yapo Luapula, yapo Rukwa, na tusijidanganye, hata misikitini kwetu wapo wanaoyaamini. Suratur-Ra'd inamtaja anayepeleka radi, na si jirani. Kumsingizia mtu mauaji bila ushahidi ni buhutani, hata kama kijiji kizima kimekubaliana.

Nirudi kwenye swali. Hadithi ya Bukhari na Muslim inamhesabu aliyezama kuwa miongoni mwa mashahidi, na vijana wengine wanaishika kana kwamba jaketi la kujiokolea linapunguza thawabu. Hadithi hiyo hiyo inamtaja aliyeangukiwa na jengo, na sijaona mtu anayetandika mkeka chini ya ukuta uliopinda. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa Hija, anasema safari ya bahari inawajibika iwapo kusalimika ndiko kunakotarajiwa zaidi. Wafafanuzi wake wakaongeza kwamba kuangamia kukizidi, au vikilingana, kupanda ni haramu. Na hiyo ni Hija, nguzo ya dini. Sembuse ndoo za dagaa? Wapo pia mafaqihi wa madhehebu yetu waliomtoa katika daraja ya shahidi yule aliyezama katika safari ya maasi. Nasi tunajua kwamba katika usiku wa baridi na mvua muadhini aliamrishwa kuwatangazia watu waswali majumbani. Kama jamaa iliruhusiwa kuachwa kwa matope, nyavu zina haki gani zaidi?

Kwa hiyo jibu langu linategemea alichokijua. Upepo uliomvamia chini ya nyota hauko katika uwezo wake, na tunamtarajia rehema na daraja hiyo. Aliyeliona fuawe limesimama magharibi jioni, akasikia ngurumo, na akawa na hiari ya kubaki, huyo hali yake ni nyingine. Ngurumo ina hesabu rahisi: toka mmeme uonekane, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, toka majini, na usirudi mpaka dakika thelathini zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Nimesema "hiari" kwa makusudi. Wavuvi niliozungumza nao wengi hawamiliki boti wala nyavu. Mafuta yamenunuliwa na tajiri, na usiku usiovuliwa unaandikwa kwenye deni lao. Akibaki nchi kavu usiku wa wingu, kesho kuna kijana mwingine anayeingojea nafasi yake. Hapo nadhani darasa lijalo tuanze na mwenye boti: yeye anayelala Kashikishi huku akijua wingu lipo, dhima yake ni ipi, na je, fidia inamwangukia? Ndugu wa mwaka wa tatu waliosoma mlango wa dhamana waje na vitabu vyao.