Tumjue Maji Moto

Hapa kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Bunju hadi Mbagala, mtoto aliyekwea mwembe anamjua maji moto. Ni chungu mwekundu, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Hana mwiba kama nyuki. Huuma kwa meno, kisha humwagia tindikali palepale alipouma, ndiyo maana akaitwa hivyo. Wengi hawamjui zaidi ya hapo, na viota vyake huvitia moto.

Tukitazame kwanza kiota chenyewe. Chungu kadhaa husimama ukingoni mwa jani bichi na kulivuta jani la pili. Likiwa mbali, mmoja humshika mwenziwe kiunoni, naye hushikwa na mwingine, mpaka mnyororo ufike. Majani yakishakutana, wengine huja na watoto, yaani funza wao, wamewabana midomoni. Funza hutoa uzi wa hariri, na mkubwa humpeleka huku na huku kati ya majani mawili mpaka yashikamane. Mkubwa mwenyewe hana uzi. Funza wa chungu wengi wa aina nyingine hujifumia kifuko cha kulalia. Huyu hutoa uzi wake kwa nyumba ya wote, naye hukua bila kifuko.

Kundi moja huwa na viota vingi katika miti kadhaa, na malkia mmoja tu. Wafanyakazi wote ni majike: wakubwa huwinda na kulinda, wadogo aghalabu hubaki ndani wakilea. Madume hufa baada ya kujamiiana. Malkia hatoi amri. Kazi yake ni kutaga, na habari hupelekwa kwa harufu wanazoziacha njiani. (Yule chungu wa Mithali huweka akiba ya nafaka. Huyu wetu hana ghala, hula mawindo ya kila siku na utamu utokao kwa wadudu wafyonza utomvu.)

Mawindo hayo ndiyo faida yetu. Yuko mdudu afyonzaye maua na vidaka vya mnazi, vikapukutika kabla ya kuwa dafu. Katika miaka ya 1950 Mwingereza M. J. Way aliwachunguza chungu hawa Unguja, na mdudu huyo akapewa jina la kitaalamu kwa heshima yake, *Pseudotheraptus wayi*. Ilionekana kwamba mnazi wenye maji moto wengi huhifadhi vidaka vyake. Hata mikorosho hulindwa hivyo. Basi anayechoma viota huenda anachoma nazi zake mwenyewe.

Mkwezi hulalamika, na ana haki. Lakini kuna adui mbaya zaidi kwa mwenye minazi: sisimizi wadogo wa kahawia, wenye askari wa vichwa vikubwa, wakaao udongoni kwenye shina. Hao humfukuza maji moto, nao hawalindi kidaka hata kimoja. Hustawi panapofyekwa pakawa peupe kabisa. Kwa hiyo majani kidogo yaachwe chini ya miti. Kamba au mti mrefu ukilazwa toka mnazi hadi mwembe huwa daraja kwa maji moto. Kiota kilicho karibu na mlango kikatwe pamoja na tawi lake, kifungwe kwenye mti mwingine wa kundi lilelile. Kikipelekwa kwa kundi jingine watauana.