Raia, mwanainchi au "citoyen"? Juu ya majina ya mavuguvugu ya vijana

Likizo iliyopita nilikuwa Goma kwa mama. Maji yalikuwa yamekatika mtaani kwa siku kadhaa, na watu walikuwa wamepanga bidoni za manjano mbele ya robine, huku Ziwa Kivu lote likionekana hapo chini. Kijana mmoja akapita akigawa karatasi ya vuguvugu linalodai maji. Karatasi ilikuwa kwa Kifaransa. Mama, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye salamu na bei za sokoni, akanipa: "Soma, weye mwenye kusomea luga." Nikaanza kutafsiri kwa sauti ili na majirani wasikie. Maneno mawili ya kwanza, "mouvement citoyen", niliyageuza bila kufikiri: harakati ya raia.

Mama akashtuka. "Raia? Ni bale ba mu pori?"

Alikuwa akisema juu ya Raia Mutomboki, kundi la silaha lililoanzia Shabunda, Kivu Kusini. Niliona haya, kwa sababu ya miaka yangu yote ya isimu ya lugha za Kiafrika. Nilikuwa nimetoa tafsiri ya kamusi mbele ya watu ambao kwao neno hilo lina harufu ya baruti.

Tulichunguze kidogo jina hilo. "Raia" limetoka katika Kiarabu, ambako lilimaanisha kundi la mifugo lenye mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Kwa hiyo katika mzizi wake raia ni mtu anayechungwa. "Mutomboki" ni nomino ya mtendaji, yenye kiambishi mu- na kiishio -i, kutoka kitenzi tomboka, ambacho Walingala wanacho pia kwa maana ya kuasi. Angalieni umoja wake: hawakujiita "batomboki", ingawa ni wengi. Ni kama raia wote wamekuwa mwili mmoja wenye hasira. Kwa ufundi wa lugha, jina hilo ni kali sana: linamchukua anayechungwa na kumfanya aasi. Ila aliyelibeba alibeba bunduki pia, na tangu hapo kijana asiye na silaha anayetaka kujiita raia katika Kivu anakuta kiti kimekaliwa.

Je, "citoyen" lenyewe? Wazazi wetu wanalikumbuka kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alipofuta "Monsieur" na "Madame", kila Mzaire akawa "citoyen" au "citoyenne" kwa amri. Neno la haki likageuka neno la utii. Baba mdogo akilisikia hucheka na kunyoosha kola ya abacost ambayo hajaivaa tangu zamani.

Linabaki "mwananchi", au kama tunavyotamka kwetu, mwanainchi. Ni zuri, mtoto wa inchi, na halina damu wala amri. Lakini masikioni mwa mama ni neno la redio na la hotuba za wakubwa. Yeye hajiiti hivyo.

Nilipogundua ugumu huu nilianza kutazama jinsi vijana wa kwingine walivyoukwepa. Dakar, Januari 2011, marapa wa Keur Gui na rafiki zao waandishi wa habari, wamechoshwa na umeme unaokatika, walianzisha Y'en a marre. Hakuna "citoyen" katika jina hilo, ni Kifaransa cha kibarazani tu: tumechoka. Na walipotaka vijana wenzao wajiandikishe kupiga kura, waliacha Kifaransa wakaingia Kiwolofu: Daas fanaanal, yaani kunoa silaha kabla ya kulala. Silaha yenyewe ilikuwa kadi ya mpiga kura. Huko neno la vita liliingizwa kwenye kazi ya amani. Kwetu neno la amani ndilo lililoingizwa vitani.

Burkina Faso, mwaka 2013, rapa Smockey na mwanareggae Sams'K Le Jah walichagua ufagio: Le Balai citoyen. "Citoyen" limo, lakini linaegemea kitu ambacho kila mama anacho nyumbani. Mwanachama anaitwa "cibal", kifupisho cha raia anayefagia. Blaise Compaoré alipojiuzulu tarehe 31 Oktoba 2014, baada ya miaka 27, vijana hao walitoka na mafagio ya kweli kusafisha barabara za Ouagadougou. Jina lilikuwa limekwisha kusema watafanya nini.

Kwetu jina ninalolipenda zaidi ni Filimbi. Lilizinduliwa Kinshasa Machi 2015, mji wa Kilingala, na bado wakachukua neno la Kiswahili. Katiba ya 2006 inazitaja lugha nne za taifa, lakini si mara nyingi Kiswahili kinapewa kazi kama hii upande ule wa nchi. Filimbi haimtaji mtu yeyote, kwa hiyo haina deni la historia. Ni ya ngeli ya 9/10: moja ni filimbi, elfu ni filimbi. Refa akiipuliza, mchezo unasimama kwa sababu kosa limeonekana. Wenye mamlaka walielewa upesi. Wageni kutoka Y'en a marre na Balai citoyen walikamatwa katika uzinduzi huo pamoja na vijana wetu, na Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala wa Filimbi hawakutoka gerezani mpaka Agosti 2016.

LUCHA yenyewe, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, ni herufi za Kifaransa, Lutte pour le Changement, ingawa kwa Kihispania neno hilo zima ni "mapambano". Mtaani Kifaransa chake kimeshameng'enywa. Watu husema ba Lucha, kwa kiambishi kile kile cha batoto na bamama. Sijui kama vijana hao wanatambua zawadi waliyopewa na ba- hiyo: neno geni limeandikishwa katika familia ya watu. Lakini karatasi nyingi za mavuguvugu zinazonifikia, ukiondoa jina, bado ni za Kifaransa, na mama bado anahitaji mtu wa kumsomea.

Siku ile pale robineni nilirudi mwanzo wa karatasi. Niliacha nomino, nikajaribu sentensi: hawa ni vijana wanaouliza pesa ya maji ilienda wapi, na hawabebi hata fimbo. Jirani mmoja akaomba nisome tena, polepole. Mama aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitenge. Wiki iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba bale batoto ba mayi wamepita tena, na kwamba mara hii hawakuwa na karatasi. Walikaa na wanawake kwenye bidoni, wakazungumza.