SOMO: "SINDANO YA JOTO" KWA MBUZI – TUFIKIRI KWANZA



Vikundi vingi vya kufuga mbuzi wa maziwa hupenda mbuzi wao wapandwe pamoja na wazae pamoja, wakati majani ni mengi. Kuna dawa za homoni zinazoweza kusaidia, na wengine huziita "sindano ya joto". Katika somo hili tutaona vile zinafanya kazi, hatari zake, na njia nyingine isiyo na gharama kubwa.

1. Tujue mwili wa mbuzi

Mbuzi jike asiye na mimba huja kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Joto hukaa siku moja au mbili. Utamwona akilia sana, akitikisa mkia, ute ukimtoka, na akikubali kupandwa.

Yai likishatoka, mahali lilipotoka huota kinundu kidogo. Kinundu hiki hutoa homoni iitwayo projesteroni, nayo ni kama mlinzi mlangoni: akiwapo, joto haliingii. Mbuzi akishika mimba, mlinzi hubaki kazini. Asiposhika, kinundu huyeyuka na joto hurudi.

2. Dawa hufanya nini?

(a) Prostaglandini. Hii ni sindano ya kuyeyusha kile kinundu. Mbuzi huja kwenye joto baada ya siku 2 au 3. Lakini kama kinundu hakipo, sindano haina la kuyeyusha. Ndiyo sababu daktari anaweza kuirudia baada ya siku 11 hivi, ili waliokosa mara ya kwanza wapatikane mara ya pili.

(b) Sponji. Hii ina homoni ya jamii ya projesteroni. Huwekwa ndani ya uke wa mbuzi kwa siku 11 hadi 14, au zaidi kidogo. Ikiwa ndani, joto huzuiwa. Ikitolewa, mara nyingi pamoja na sindano ya homoni nyingine, mbuzi huja kwenye joto karibu wakati mmoja.

3. Hatari tatu

Ya kwanza ni mimba kutoka. Kwa mbuzi, kile kinundu ndicho kinachoshikilia mimba miezi yote 5. Ukimdunga prostaglandini mbuzi mwenye mimba, ataitoa. Basi kama beberu hutembea na majike, usiangalie tumbo tu ukasema, "Huyu hana kitu." Bila tarehe zilizoandikwa au kupimwa na daktari, mhesabu kuwa ana mimba.

Ya pili ni afya ya watu. Prostaglandini hupenya ngozi. Mama mjamzito asiiguse kabisa, wala asiokote sindano iliyotumika, kwa maana anaweza kupoteza mimba yake. Mwenye pumu naye akae mbali, kwani kifua chaweza kumbana. Anayeidunga avae glavu, na ikimmwagikia anawe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Katika vikundi vyetu akina mama ndio wengi, kwa hivyo jambo hili lisemwe wazi kabla chupa haijafunguliwa.

Ya tatu ni hasara. Sindano si chakula. Mbuzi aliyekonda au mwenye minyoo mingi huenda mayai yake yamelala, na prostaglandini haitamwamsha. Tena, majike 10 wakija kwenye joto siku moja, beberu mmoja atachoka na wengine watakosa mimba. Ni heri kuwagawa mafungu.

Dawa hizi zinafaa wakati mbuzi wana afya, tarehe zimeandikwa, na daktari wa mifugo ndiye anayesimamia. Zinasaidia hasa pale mtaalamu wa kupandisha kwa mrija anapokuja siku moja tu.

4. Njia isiyo na sindano

• Mtenge beberu wiki 3 au 4. Awe mbali, majike wasimwone, wasimsikie, wala wasinuse harufu yake.
• Wiki 2 au 3 kabla ya kumrudisha, ongezea majike chakula: majani mabichi, kaliandra au lusina, pumba kidogo, na chumvi ya mifugo. Minyoo itibiwe mapema.
• Mrudishe beberu. Harufu yake huamsha homoni za majike, hata wengine waliokuwa wamelala. Wengi huja kwenye joto ndani ya siku 10 hivi. Joto la kwanza laweza kuwa fupi na kurudi baada ya siku 5 au 6, kwa hivyo asiondolewe haraka.
• Andika tarehe ya kupandwa. Mimba ni siku 150 hivi. Anayepandwa Novemba huzaa Aprili, na kule kwenye mvua ndefu atapata majani ya kutosha kunyonyesha.

Njia hii haitawaleta wote siku moja, lakini haitoi mimba ya mtu wala ya mbuzi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kati yetu anaandika tarehe za mbuzi wake kupandwa?
2. Beberu wa kikundi anaweza kutengwa wapi kwa mwezi mmoja?
3. Tukiamua kumwita daktari, nani atahakikisha akina mama wajawazito wako mbali?

Mithali 27:23 yatuagiza tuijue vizuri hali ya mifugo wetu. Tuanze na daftari na kalamu. Sindano ije baadaye, ikihitajika.