Je, ni lazima nisome hadi uzamivu?

Swali: Nimemaliza shahada ya kwanza ya baiolojia ya molekuli, Dar es Salaam. Natamani utafiti wa magonjwa, ila nyumbani wanauliza ajira iko wapi.

Jibu: Ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe, uzamivu hauepukiki. Ila usiukimbilie. Omba kwanza mafunzo kwa vitendo penye maabara hai: Taasisi ya Afya Ifakara, tawi la Bagamoyo, au KEMRI-Wellcome kule Kilifi, Kenya. Huko utajipima. Seli unazokuza maabara hazijui Jumapili. Zinakaa kwenye inkubeta ya nyuzi joto 37, na kila baada ya siku mbili tatu lazima uzibadilishie lishe. Ukiona lishe hiyo imegeuka njano na kupoteza uangavu, bakteria wameingia. Unamwaga chupa nzima na kuanza upya. Wapo wahitimu wazuri tu walioshindwa hapo, wala si aibu.

Wazazi wako nao wana hoja: mikataba mingi hufuata ruzuku, mradi ukiisha nawe umeisha. Kwa hiyo jifunze takwimu na uchambuzi wa jenomu kwa kompyuta, maana ujuzi huo unahitajika hata nje ya maabara. Wapo waliovumilia: mtafiti wa mRNA Katalin Karikó alishushwa cheo chuoni mwaka 1995, akapata Nobel 2023. Miaka 28! Mimi nisingekushauri uitegemee njia hiyo.